Kabla Hujailaumu Labu: Maneno kwa Wapiga Picha Kuhusu Monita

Ndugu mwenyekiti, wapiga picha wenzangu, na nyinyi wahariri ambao usingizi wa harusi ya jana bado umo machoni, habari za asubuhi.

Nimeombwa nijibu swali moja: mtu amejichanga, anataka monita ya kuhariria picha, anunue ipi? Najua wapo waliokuja na kalamu tayari, waandike jina la modeli kisha wakimbilie Kariakoo. Majina nitayataja, ila nitayaweka nyuma. Nimeshaona monita ya bei mbaya ikitoa albamu ya kusikitisha, na nimeona monita ya mtumba, iliyotupwa na ofisi fulani huko Ulaya, ikitoa kazi iliyomfanya mama wa bibi harusi apige vigelegele. Mwenye ile ya mtumba aliipima monita yake, akaijua tabia yake, akakipanga na chumba. Hilo ndilo nililokuja kulisema, mengine yote yatalizunguka.

Tuanze na kesi ambayo kila aliyemo humu ndani inamhusu. Umekesha na picha za harusi. Kwenye skrini zinang'aa, nyuso zimetulia, shela inaonyesha kila uzi wake. Unapeleka labu, kule wanakoprinti, albamu inarudi, unafungua: giza. Suti ya bwana harusi imekuwa doa moja jeusi, wapambe waliosimama nyuma hawatambuliki, na ukumbi uliokuwa na mapambo ya dhahabu umekuwa kama umewashwa kibatari. Mteja anapiga simu. Wewe nawe unampigia mwenye labu.

Labu zina makosa yao, siji hapa kuwatetea. Kuna mashine ambazo hazijasawazishwa siku nyingi, kuna kijana wa zamu anayeacha programu ijirekebishie rangi yenyewe. Lakini picha zikitoka giza kila mara, tena kwa labu tofauti tofauti, basi tuache kuzunguka: giza hilo linatoka mezani kwako.

Linatokaje? Monita mpya hutoka kiwandani ikiwa imepandishwa mwanga, kwa sababu dukani hupangwa na wenzake chini ya taa kali, na inayong'aa zaidi ndiyo inayonunuliwa. Mwanga wa skrini hupimwa kwa kandela kwa mita ya mraba, ambazo mafundi huziita niti. Monita nyingi za mezani hufika niti 250 hadi 350. Sasa kiwango cha rangi cha sRGB, ambacho ndicho kinachobeba karibu kila picha tunayomkabidhi mteja, kiliandikwa kwa kudhani skrini ya niti 80 ndani ya chumba chenye mwanga hafifu. Wahariri wanaofanya kazi ya kuprinti hukaa kati ya niti 80 na 120. Wewe je? Uko saa nane za usiku, taa umezima usiwaamshe watoto, monita inakupiga niti 300 usoni. Kila picha unaiona imejaa mwanga. Unaishusha kidogo. Ile ya pili nayo unaishusha. Sehemu za giza huzigusi kabisa kwa kuwa unaziona vizuri. Kisha picha inakwenda kwenye karatasi, na karatasi haina taa ndani yake. Kazi yake ni kurudisha mwanga wa mahali ilipo, sebuleni, chini ya balbu moja, mbele ya wakwe.

Kuhariri kwenye monita usiyoijua ni sawa na kuonja mchuzi ukiwa na mafua: chumvi utaiongeza tu, na wa kuilalamikia ni mlaji.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauna bei. Jioni ya leo washa taa ya chumba unachofanyia kazi, fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye skrini nzima, kisha shika karatasi nyeupe ya kuprintia pembeni ya monita, mwanga wa chumba uiangukie. Shusha mwanga wa monita mpaka ule weupe wa skrini na weupe wa karatasi vikaribiane. Wengi mtajikuta mmeshuka hadi robo ya kipimo, na dakika za kwanza mtaona skrini imekufa. Haijafa. Jicho linazoea. Fungua sasa albamu moja iliyotoka giza, uitazame faili yake kwenye skrini hiyo, na uone kama bado utamfokea mwenye labu.

Ukiwa kwenye menyu hiyo hiyo ya monita, zima vitu vyote vinavyojifanya kukusaidia: ile inayobadilisha mwanga yenyewe kulingana na picha, ile ya kubana umeme, ile ya kunoa kingo. Kwenye kompyuta zima huduma inayofanya skrini iwe ya manjano usiku. Ni nzuri kwa kusoma, lakini kwenye kazi ya rangi itakufanya uongeze bluu kwenye kila sura.

Chumba nacho. Wengi wetu tunahariri chumbani kwetu au kwenye fremu tuliyopanga, ukuta wa waridi, ukuta wa kijani, pazia la zambarau. Ukuta ulio nyuma ya monita na ule ulio mgongoni kwako unaingia kwenye jicho, na jicho hujisawazisha kwa unachokitazama muda mrefu. Kopo moja la rangi ya kijivu hafifu isiyoelemea upande wowote ni bei ndogo kuliko begi la kamera. Kama chumba ni cha kupanga na mwenye nyumba hataki, tundika kitambaa cha kijivu. Dirisha lisiwe mgongoni, mwanga wake utapiga kwenye skrini. Lisiwe mbele yako nyuma ya monita, litakupofusha. Liwe ubavuni, na pazia zito. Balbu isielekee skrini. Na ukiweza usivae fulana nyekundu siku ya kuhariri. Mnacheka, lakini kaa nayo mbele ya monita yenye kioo kinachometa, utajiona umeketi katikati ya picha ya mteja.

Hapa sasa nitakaa kidogo, kwa kuwa miongozo mingi ya monita inapafikia inapita mbio.

Miongozo hiyo imeandikwa na watu wanaopiga milima ya theluji na sura nyeupe. Hofu yao kubwa ni sehemu nyeupe kuungua. Sisi tunayo hofu hiyo, shela ni shela, lakini kazi yetu ya kila Jumamosi ni watu weusi ndani ya suti nyeusi ndani ya ukumbi wenye taa za zambarau. Hili lina historia. Kwa miaka mingi Kodak walizipa labu picha ya kusawazishia mashine, ya mwanamke mweupe, na picha hizo zikaja kuitwa kadi za Shirley kwa jina la mfanyakazi wao aliyepigwa wa kwanza. Mashine ikimtoa Shirley vizuri, kazi imekwisha; mtu mweusi akitoka kama kivuli, hakuna kilichoharibika kwa mujibu wa kipimo. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kusambaa miaka ya 1990. Filamu imeondoka, lakini kipimo unachokitumia mezani kwako bado ni suala lako mwenyewe.

Faili la kawaida la picha lina ngazi 256 kwa kila rangi, kutoka 0 ambayo ni nyeusi kabisa hadi 255 ambayo ni nyeupe kabisa. Kwenye picha ya ukumbini, ngozi nyeusi iliyo upande wa kivuli, nywele, na kola ya koti vinaweza kujazana vyote chini ya ngazi ya 60. Monita ikishindwa kutenganisha ngazi hizo, huwezi kuona kama taya la bwana harusi limeachana na koti lake. Hariri utakavyo, unabahatisha.

Jaribio lake ni jepesi. Tengeneza kwenye Photoshop, au programu yoyote unayotumia, msitari wa vijiraba, yaani miraba midogo: cha kwanza ngazi 0, kinachofuata 5, halafu 10, 15, 20, hadi 40. Punguza mwanga wa chumba, tazama. Kwenye monita iliyokaa sawa, kijiraba cha 10 unakitofautisha na cheusi, na mwenye jicho zuri anakiona hata cha 5. Kama hadi 20 ni weusi mtupu, usinunue. Na kama ni yako tayari, usiitupe bado, kwanza kagua waya.

Ndiyo, waya. Ukiunganisha kwa HDMI, kompyuta huweza kuidhania monita yako ni televisheni. Televisheni zina desturi ya kutumia ngazi 16 hadi 235 badala ya 0 hadi 255. Upande mmoja ukituma kwa desturi ya televisheni na mwingine ukapokea kwa desturi ya kompyuta, weusi unakuwa kijivu kama umepakwa majivu. Ikiwa kinyume chake, giza lote linazama. Ingia kwenye mipangilio ya kadi ya picha ya kompyuta, tafuta panapoandikwa kiwango kamili cha ngazi, chagua hapo. Au tumia waya wa DisplayPort kama monita inao. Nimeona watu wakiuza monita nzuri kwa hasara kwa sababu ya kitu hiki.

Na kwa kuwa televisheni imetajwa: vijana wengi wananunua televisheni ya inchi 32 kwa sababu ni kubwa na bei yake ni nafuu. Kwa sinema sawa. Kwa kazi yetu hapana. Nyingi hunoa kingo zenyewe, huongeza rangi zenyewe, na nyingine hupokea habari za rangi zilizopunguzwa, kiasi kwamba maandishi mekundu juu ya nyeusi yanaonekana yamechakaa.

Aina za paneli, yaani kile kioo kinachotoa picha, nitazipitia haraka. TN ndiyo ya zamani na ya bei ya chini. Ukiinua kichwa kidogo rangi inabadilika, ukiinama inabadilika tena, kwa hiyo sura ile ile ina rangi mbili, juu ya skrini na chini yake. Iacheni. VA ina weusi mzito, utofauti wake wa mwanga na giza huandikwa 3000 kwa 1 au zaidi, wakati IPS ya kawaida iko karibu 1000 kwa 1. Muuzaji atakuonyesha namba hiyo kwa fahari. Lakini VA nyingi ukiitazama moja kwa moja, sehemu za giza za katikati huzama, ukisogea pembeni zinajitokeza. Turudi kwenye taya la bwana harusi: linaonekana au halionekani kutegemea umekaaje kwenye kiti. Kwa hiyo namba kubwa kwenye boksi haikusaidii. IPS, teknolojia iliyotolewa na Hitachi mwaka 1996, inatulia ukiitazama kutoka pande zote, na ndiyo ninayoisema kwa mtu anayenunua monita yake ya kwanza ya kazi. OLED ni nzuri sana, weusi wake ni weusi kweli, ila ina bei yake, na sisi tunaoacha programu ile ile ikiwa wazi siku nzima tunaweza kuacha alama ya menyu kwenye skrini moja kwa moja.

Rangi. Kwenye boksi mtakuta sRGB, Adobe RGB, P3, na NTSC, ambavyo ni vipimo vya upana wa rangi, kila kimoja na asilimia ambayo skrini inaifikia. sRGB ilipendekezwa na HP pamoja na Microsoft mwaka 1996, na inachukua kama asilimia 35 ya rangi ambazo jicho la binadamu linaona. Adobe RGB ya mwaka 1998 inafika karibu asilimia 50, na nyongeza yake kubwa iko kwenye kijani na samawati ya bahari. Aliyepiga maji ya Nungwi saa sita mchana anajua ninachosema: kuna samawati pale ambayo sRGB haiwezi kuibeba.

Sasa mtu anasikia hivyo anasema, basi mimi nataka Adobe RGB. Polepole. Picha zako zinakwenda wapi? Mteja atazitazama kwenye simu, nyingi zitapitia WhatsApp, na labu nyingi za albamu zinapokea sRGB. Monita ya rangi pana isiyosimamiwa vizuri ni mtego: programu zisizojua kusoma profaili ya rangi, lile faili linaloeleza rangi zisomwe vipi, zitanyoosha picha ya sRGB hadi mwisho wa uwezo wa skrini, kanga nyekundu iwe moto, na ngozi za watu ziwe kama zimepakwa mafuta ya mawese. Utapunguza rangi, na mteja atapokea picha iliyokwajuka. Rangi pana inunuliwe na anayeprinti kazi za maonyesho kwa printa kubwa ya wino, au anayepiga mandhari kwa ajili ya vitabu, na ambaye yuko tayari kujifunza usimamizi wa rangi. Kwa harusi, pasipoti, matangazo ya mtandaoni na sura za watu, monita inayofikisha asilimia 99 au 100 ya sRGB inatosha, na ziada ya fedha ina kazi nyingine nitakayoitaja.

Muwe macho na ile namba ya NTSC. Asilimia 72 ya NTSC inakaribiana na sRGB kamili, kwa hiyo muuzaji akikuambia 72 usimdharau. Asilimia 45 ya NTSC ndiyo ya kukimbia. Laptopu nyingi za bei ya chini ziko hapo, na ndiyo maana nyekundu ya kitenge kwenye laptopu hizo inaonekana kama tofali. Mwenye laptopu hiyo hana haja ya kuiuza. Anaweza kuiunganisha na monita nzuri, laptopu ikabaki na menyu, mafolda na WhatsApp ya wateja, picha yenyewe ikahaririwa kwenye monita pekee. Huo ndio mpangilio wa skrini mbili ninaoupenda: moja ya kuamini, nyingine ya kuwekea vitu. Mkijaribu kuhariri huku macho yakirukaruka kati ya skrini mbili zisizofanana, mtaishia kutoziamini zote mbili. Wenye MacBook Pro za kuanzia 2016 wana skrini nzuri ya P3 mikononi tayari. Wao washughulike na mwanga na chumba kwanza, monita ya pili isubiri.

Ukubwa: inchi 24 hadi 27. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha yenye pikseli 6000 kwa 4000. Skrini ya 1920 kwa 1080 ukiikuza hadi asilimia mia inakuonyesha chini ya sehemu ya kumi ya picha hiyo, na unaburuza kila dakika kukagua macho kama yamekaza. Ya 2560 kwa 1440 kwenye inchi 27 ndiyo ninayoiona imekaa vizuri kwa wengi wetu: pikseli kama 109 kwa inchi, maandishi yanasomeka bila kukuzwa, na kompyuta ya kawaida haielemewi. Ile ya 4K ni tamu, inakuonyesha theluthi ya picha kwa mara moja, lakini kama kompyuta yako inapumua kwa shida kwenye programu ya kuhariri kama Lightroom sasa hivi, 4K itaimaliza. Inchi 24 za 1920 kwa 1200 zina kimo kidogo cha ziada ambacho picha ya wima inakifurahia. Skrini iliyopinda iacheni kwa wachezaji wa gemu, na zile hezi 144, yaani kasi ya skrini kubadilisha picha, vilevile. Uso uwe wa kufifisha mwanga, usiwe wa kumeta.

Haya, majina. Mpya na ya bei inayoelezeka, ASUS ProArt PA278QV: inchi 27, 2560 kwa 1440, IPS, sRGB kamili, na imepimwa kiwandani. Kwenye mtumba, tafuteni Dell UltraSharp. Ofisi nyingi za Ulaya huzibadilisha zikiwa bado na nguvu, na U2415 yenye 1920 kwa 1200 ni chombo nisichokionea haya mbele ya mteja. Anayehitaji Adobe RGB atazame BenQ SW270C, ambayo huja na kofia ya kuzuia mwanga wa pembeni. Juu kabisa wapo EIZO wa Japani na ColorEdge zao. Zile za mfululizo wa CG zina kipimo ndani ya fremu, monita inajipima yenyewe. Anayeweza kununua EIZO mpya hakuja kunisikiliza mimi leo, lakini za mtumba zinapatikana, na menyu yake inaonyesha saa ilizotumika, jambo ambalo ningependa kila monita ya mtumba iwe nalo.

Mkienda dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, msikubali kuonyeshwa ile video ya kasuku na matunda. Kila skrini inapendeza na kasuku. Beba flashi yako: picha moja ya mtu mweusi sana ndani ya nguo nyeusi, moja ya shela kwenye jua, moja ya anga tupu, ule msitari wa vijiraba, na kurasa tupu za nyeupe, kijivu na nyeusi. Ukurasa wa kijivu ukiwa na upande wa waridi na upande wa kijani, ondoka. Kwenye monita ya mtumba ukurasa mweupe ndio unaosema ukweli: taa zilizochoka huufanya uwe wa manjano, na pembe zake huwa na giza. Zile za zamani sana zenye taa za mirija ndani, hata jina liwe kubwa vipi, zimeshakula umri wao. Anga tupu ikionyesha mikanda badala ya kufifia taratibu, paneli hiyo haina ngazi za kutosha. Kisha simama, keti, sogea kushoto, sogea kulia. Muuzaji atakuona una wazimu. Mwache akuone hivyo.

Sasa ile fedha ya ziada niliyoiahidi. Nunueni kipimo cha rangi.

Ni kidude kinachotosha kiganjani, kinaning'inizwa mbele ya skrini. Programu inaonyesha viraka vya rangi kimoja baada ya kingine, kidude kinasoma kila kiraka kilivyotoka, kisha programu inaandika faili dogo linaloitwa profaili, linaloieleza kompyuta skrini hii ina kasoro gani ili zirekebishwe. Utaratibu wa profaili ulianza kusimamiwa mwaka 1993, makampuni manane yakiwemo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft yalipounda chombo cha pamoja, na ndiyo sababu profaili iliyotengenezwa Dar es Salaam inaeleweka na programu iliyoandikwa Marekani. Datacolor wanatengeneza Spyder. Calibrite ndio walioshika vile vilivyokuwa vya X-Rite. Programu ya bure ipo, DisplayCAL, inayosimama juu ya ArgyllCMS, nayo ni ya bure pia. Acha monita iwake nusu saa kwanza ipate moto, halafu weka shabaha hizi: weupe wa D65, yaani ule wa mwanga wa mchana, gama 2.2, yaani jinsi mwanga unavyopanda kutoka nyeusi hadi nyeupe, na mwanga niti 100 kama chumba chako ni cha wastani. Ripoti itakupa namba ya kosa la rangi, delta E. Wastani ukiwa chini ya 2, kalale.

Programu za simu zinazodai kupima monita kwa kamera ya simu msizipotezee muda. Kamera ya simu inapamba, ndiyo kazi iliyofundishwa.

Kidude hiki hakihitajiki kila siku. Kupima mara moja kwa mwezi kunatosha kabisa. Kwa hiyo sioni sababu ya kila mtu humu kununua cha kwake. Watu kumi wachangie kimoja, kikae kwa mtu mwaminifu, kizunguke kama tunavyozungusha mchezo wa fedha, na kila anayekichukua akirudishe kikiwa na kifuniko chake, maana vumbi likiingia kwenye jicho lake kinaanza kudanganya.

Baada ya kupima, nenda labu na picha moja tu. Iwe na sura nyeusi, nguo nyeupe na kijivu. Waambie waziwazi: msirekebishe kitu, printini ilivyo. Kama wana profaili ya mashine na karatasi yao, waombeni, Photoshop itawaonyesha kwenye skrini karatasi itakavyotoka kabla hamjalipa. Rudi na printi, itazame chini ya mwanga mzuri kando ya monita. Ikiwa bado ni giza, sasa una haki ya kugomba, na una ushahidi mkononi.

Umeme nauongelea kwa sababu tunaishi hapa. Monita ikae kwenye UPS yenye kusawazisha volti, hasa kama una kompyuta ya mezani. Umeme ukipanda na kushuka, kinachokufa kwanza mara nyingi ni kisambaza umeme cha ndani ya monita, na fundi akikibadilisha kwa cha modeli nyingine usishangae mwanga ukacheza.

Naona mzee wangu pale mbele ananyoosha mkono tangu nilipotaja televisheni, nadhani ninayo kesi ya kujibu. Nimekuja na Spyder moja na laptopu yenye DisplayCAL, viko kwenye meza ya pembeni karibu na soketi. Mliokuja na laptopu zenu ziwasheni sasa hivi zipate moto wakati tunajibu maswali, tutaanza na ile yenye skrini mbaya kuliko zote. Mzee wangu, karibu.